Shule za Jamii na Mafanikio ya Watoto Wakimbizi: Shule Inapofungua Mlango kwa Familia Nzima

Katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wengi wao walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, katika kambi ya Kakuma kaskazini magharibi mwa Kenya, au katika makazi ya wakimbizi ya Uganda kama vile Nakivale na Kyangwali. Na wengi, licha ya lugha zao za nyumbani, huzungumza Kiswahili. Ndiyo maana leo nyimbo za Kiswahili husikika katika baadhi ya parokia za Marekani siku ya Dominika, na ndiyo maana waamini wengi wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu wana ndugu, majirani wa zamani au wanakwaya wenzao wanaolea watoto huko ughaibuni.

Ukiwauliza wazazi hao kwa nini walikubali kwenda mbali kiasi hicho, jibu la kwanza mara nyingi ni moja: watoto wasome. Mtoto huandikishwa, basi la njano humpitia asubuhi, na baada ya miaka michache familia moja husherehekea mahafali, ilhali kijana wa familia ya mlango wa pili ameacha shule akiwa na miaka 17 na anafanya kazi ghalani. Tofauti hiyo haielezwi na akili ya mtoto peke yake, wala na bidii ya mzazi peke yake. Sehemu yake hutokana na namna shule yenyewe ilivyojipanga kumpokea mtoto pamoja na watu wake. Makala haya yanaeleza mpango mmoja wa namna hiyo, unaojulikana nchini Marekani kama shule za jamii, na yale ambayo watafiti wamegundua kuhusu mchango wake kwa watoto wahamiaji na wakimbizi.

Jina lenyewe lisitupotoshe. Nchini Kenya tumezoea shule za harambee, zilizojengwa kwa michango ya wananchi. Nchini Tanzania, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji. Nchini Zambia, shule ya jamii ni ile iliyoanzishwa na wazazi mahali ambapo serikali haijafika. Shule ya jamii inayozungumzwa hapa ni shule ya kawaida, mara nyingi ya serikali, yenye walimu na mtaala kama nyingine, lakini iliyokubali kwamba yanayomsibu mtoto nje ya darasa ni sehemu ya kazi yake. Ndani ya majengo yake, au karibu nayo, kuna kliniki, mshauri wa kisaikolojia, masomo ya ziada baada ya saa za kawaida, na madarasa ya jioni kwa wazazi. Yupo pia mtumishi mmoja, mratibu wa shule ya jamii, ambaye kazi yake ni kuunganisha hayo yote ili yamfikie mtoto anayeyahitaji. Taasisi ya Learning Policy Institute, iliyopitia tafiti 143 mwaka 2017, ilitaja nguzo nne za shule hizo: huduma zilizounganishwa kwa mwanafunzi, muda mrefu zaidi wa kujifunza, ushiriki wa familia na jamii, na uongozi wa pamoja. Kwa maoni ya mwandishi, nguzo ya tatu ndiyo inayobeba nyingine zote pale mwanafunzi anapokuwa mkimbizi, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa.

Mizizi ya mpango huu

Wazo hili lilizaliwa miongoni mwa wahamiaji. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua Hull House huko Chicago, nyumba iliyotoa malezi ya watoto wadogo, madarasa ya lugha na msaada wa kisheria kwa wahamiaji kutoka Ulaya. Mwanafalsafa John Dewey aliifahamu vizuri nyumba hiyo, na mwaka 1902 alitoa hotuba akitaka shule za umma nazo ziwe kituo cha maisha ya jamii. Aliyeyatenda hayo kwa ukamilifu zaidi alikuwa mtoto wa wahamiaji Waitaliano, Leonard Covello, aliyeongoza shule ya sekondari ya Benjamin Franklin huko East Harlem, New York, kuanzia mwaka 1934. Akiwa mtoto, mwalimu wake alibadili jina la ukoo wao, Coviello, kuwa Covello, kwa sababu lilikuwa rahisi zaidi kutamka. Nyumbani wazazi wake walihuzunika. Mtoto hakuona tatizo, kwa kuwa alikwisha kujifunza kwamba mambo ya nyumbani na mambo ya shuleni hayapaswi kukutana. Alipokuwa mkuu wa shule, Covello aliazimia kuyakutanisha. Alitetea ufundishaji wa Kiitaliano shuleni, akafungua milango jioni kwa ajili ya wazazi waliotaka kujifunza Kiingereza na kuomba uraia, akawatuma wanafunzi kuuchunguza mtaa wao wenyewe na matatizo yake.

Mama Kanisa naye alikuwa amepita njia hiyo mapema. Mtakatifu Yohane Neumann, mwenyewe mhamiaji kutoka Bohemia, alipokuwa Askofu wa Philadelphia kati ya mwaka 1852 na 1860 alipanga shule za parokia kuwa mfumo mmoja wa jimbo, wa kwanza nchini Marekani. Mtakatifu Fransiska Saveri Cabrini alifika New York mwaka 1889, mwaka uleule wa Hull House, akaanzisha katika maisha yake taasisi 67 zikiwemo shule, hospitali na nyumba za yatima, nyingi kwa ajili ya Waitaliano maskini. Mwaka 1950 alitangazwa kuwa msimamizi wa wahamiaji. Shule ya parokia ya wakati ule haikuitwa shule ya jamii, lakini mtoto wa Kipolandi au wa Kiitaliano aliyeingia humo alikuta padre anayelijua jina la baba yake na mtawa aliyekwisha kumtembelea mama yake mgonjwa.

Mtoto anayetoka kambini hufika na nini

Ili kuelewa kwa nini mpango huu una maana kwa mkimbizi, tumchukue kwa mfano kijana wa miaka 16 aliyezaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Nyumbani husema Kibembe. Njiani na kanisani husema Kiswahili. Darasani alisoma kwa Kifaransa, kwa kuwa watoto wa Kikongo katika kambi hiyo hufuata mtaala wa Congo. Binamu yake aliyekulia Kakuma alisoma mtaala wa Kenya, hivyo alisoma vitabu vya Kiingereza tangu madarasa ya chini. Wote wawili wanapofika katika mji mmoja wa Marekani, fomu ya shule husema jambo lilelile: nchi ya asili, Congo, lugha ya nyumbani, Kiswahili. Shule isiyouliza zaidi itawaweka pamoja katika darasa moja la wanaoanza Kiingereza. Mmoja atachoka kwa kurudia anayoyajua, mwingine ataonekana mzito wa kuelewa, ingawa pengine ndiye hodari zaidi katika hisabati. Hata hisabati yenyewe ina lugha yake: aliyefundishwa kwa Kifaransa huandika mkato mahali ambapo Mmarekani huandika nukta ya desimali, na hupanga hesabu ya kugawanya kwa mtindo tofauti. Mwalimu asiyelijua hilo huona makosa mahali ambapo hakuna kosa.

Zaidi ya hayo, shule za Marekani kwa kawaida humpanga mwanafunzi kwa umri. Kijana wa miaka 16 aliyekatizwa masomo mara tatu kwa sababu ya vita au safari huwekwa sekondari, ambako anatakiwa kukusanya idadi maalumu ya masomo aliyofaulu ndipo ahitimu. Saa huanza kuhesabiwa siku ya kwanza, wakati bado hajaweza kusoma ratiba yake.

Kuhusu lugha, wataalamu wametenganisha kwa muda mrefu Kiingereza cha mazungumzo na Kiingereza cha masomo. Cha kwanza hushikwa upesi. Watoto hukipata uwanjani, kwenye televisheni, ndani ya basi. Cha pili, kile cha kuandika insha au kueleza jaribio la sayansi, huchukua takriban miaka minne hadi saba. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwalimu humsikia kijana akitaniana na wenzake kwenye ujia, akaamini kwamba Kiingereza kimekwisha kumkaa. Mzazi naye humsikia akijibu simu kwa Kiingereza chepesi, akaamini vivyo hivyo. Alama zinapokuwa mbaya, wote wawili humwona mvivu.

Kisha yapo mambo ambayo hayaandikwi kwenye ripoti ya masomo. Kadi ya chanjo imekosekana, na mtoto hawezi kuanza shule. Haoni ubao, lakini hajawahi kupimwa macho. Baba anafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, mama zamu ya asubuhi, na binti mkubwa ndiye anayewavalisha wadogo zake na kuwapeleka kituoni, hivyo huchelewa kila siku. Mtoto wa miaka 11 ndiye anayetafsiri barua ya mwenye nyumba, barua ya hospitali, na hatimaye barua ya shule inayomhusu yeye mwenyewe. Tabasamu linaruhusiwa hapo, kwa maana hakuna mtoto atakayetafsiri kwa uaminifu kamili barua inayosema kwamba amekuwa mtoro. Lakini nyuma ya tabasamu hilo kuna jeraha: mzazi amepoteza nafasi yake nyumbani, na mtoto amebeba mzigo usio wa umri wake.

Heshima inayosomwa kama kutojali

Jambo moja linahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu linawaumiza wazazi wengi wa kwetu bila wao kujua. Katika malezi ya Afrika Mashariki na ya Kati, mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa, na njia ya kumheshimu ni kumwachia kazi yake. Mzazi haendi shuleni bila kuitwa. Akiitwa, hujua kuna kosa: mtoto amepigana, amevunja kioo, au ada haijalipwa. Mzazi huyohuyo akiwa Marekani hupokea mwaliko wa kikao cha wazazi na walimu. Ama haelewi barua, ama yuko kazini, ama anaelewa lakini anasema moyoni, “Mwanangu hana kosa, niende kufanya nini?” Mwalimu wa Kimarekani, aliyefundishwa kwamba mzazi mwema ni yule anayehudhuria, anayeuliza na hata kupinga, huona kiti kitupu na kuandika akilini mwake kwamba familia hii haijali elimu. Pande zote mbili zinamtakia mtoto mema, na kila upande unausoma mwingine vibaya.

Shule ya jamii iliyo makini haisubiri kiti kijazwe. Hutoka. Mfano unaofahamika vizuri ni wa Oakland, jimbo la California, mji ambao mwaka 2011 uliamua kuzifanya shule zake zote za umma kuwa za jamii. Katika mji huo ipo Oakland International High School, iliyofunguliwa mwaka 2007 mahsusi kwa ajili ya vijana waliofika Marekani hivi karibuni. Kila mwaka walimu wake hugawanyika katika makundi na kwenda kutembezwa katika mitaa ya wanafunzi wao. Wanaoongoza ni wanafunzi na wazazi wenyewe: huwaonyesha walimu nyumba ya ibada, duka linalouza vyakula vya kwao, ofisi inayowasaidia, kisha hukaa pamoja kula na kuzungumza. Siku hiyo mzazi ndiye mwenye maarifa na mwalimu ndiye mwanafunzi. Shule hiyo pia huwatafutia wanafunzi msaada wa kisheria, kwa kuwa wengi wao ni vijana kutoka Guatemala, El Salvador na Honduras waliovuka mpaka bila wazazi. Kijana anayengoja siku ya kusikilizwa mahakamani hawezi kuweka akili yake kwenye milinganyo ya aljebra. Mpira wa miguu nao una nafasi yake pale, kama njia ya kumfanya kijana aliyefika jana awe na wenzake leo.

Mfano wa pili uko Georgia, karibu na mji mdogo wa Clarkston ambao tangu mwisho wa karne iliyopita umepokea wakimbizi wa mataifa mengi, Wakongo na Warundi wakiwemo. Mwaka 2002 ilianzishwa huko International Community School, shule ya msingi iliyokusudia kuwaweka watoto wakimbizi na watoto wa Marekani darasa moja, badala ya kuwatenga wageni peke yao. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwepo mtawa wa Shirika la Wadominikani. Mtoto mgeni hapo hujifunza Kiingereza kwa kucheza na mwenzake kabla hajakisoma kitabuni, na mtoto mwenyeji hujifunza mapema kwamba dunia ni pana kuliko mtaa wake.

Watafiti wameona nini

Utafiti unaogusa jambo letu kwa karibu zaidi ulitoka Boston College, chuo kikuu cha Wajesuiti. Mpango wake uitwao City Connects huweka mratibu katika kila shule, ambaye hukaa na kila mwalimu mwanzoni mwa mwaka na kumjadili kila mtoto wa darasa lile, si wale wenye matatizo tu: masomo yake, afya yake, hali ya moyo wake, familia yake. Kisha kila mtoto hupangiwa msaada unaomfaa, iwe miwani, masomo ya ziada, ushauri au nafasi katika timu ya michezo. Mwaka 2016 watafiti wa mpango huo walichapisha matokeo kuhusu watoto wahamiaji wa kizazi cha kwanza katika shule za msingi za Boston zilizo katika maeneo maskini. Watoto waliopitia mpango walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hisabati kuliko wahamiaji wenzao katika shule zisizo nao, na pengo kati ya wanaojifunza Kiingereza na wale wanaokijua lilipungua. Tafiti nyingine za mpango uohuo zimeonyesha kwamba waliopita katika shule hizo wakiwa wadogo huacha sekondari kwa kiwango kidogo zaidi kuliko wenzao.

Tathmini kubwa zaidi ni ya Jiji la New York, ambalo mwaka 2014 lilianzisha mpango wa shule za jamii uliofikia baadaye shule zaidi ya 200. Taasisi ya RAND ilichapisha matokeo mwaka 2020. Mahudhurio yaliongezeka katika ngazi zote. Wanafunzi wengi zaidi walipanda darasa kwa wakati, na wengi zaidi walihitimu sekondari. Makosa ya kinidhamu yalipungua katika shule za msingi na za kati. Katika mitihani ya hisabati, hata hivyo, dalili njema zilionekana mwaka wa tatu tu, na katika kusoma hakukuwa na badiliko la kujivunia.

Hapo wakosoaji hupata neno, nao wana haki ya kusikilizwa: fedha nyingi zimetumika, mbona alama hazijapanda? Jibu, kwa maoni yetu, liko katika mpangilio wenyewe wa mambo. Mtoto hawezi kufaulu somo ambalo hakuwepo lilipofundishwa. Kwanza anakuja, kisha anabaki, kisha anaelewa. Na ikiwa Kiingereza cha masomo huchukua miaka minne hadi saba, mtihani wa kusoma baada ya miaka miwili hauna mengi ya kusema kuhusu mkimbizi. Hilo halina maana kwamba kila shule inayojiita ya jamii inafaa. Zipo zilizoongeza kliniki na chakula cha jioni lakini darasani hakuna kilichobadilika, na mtoto akaendelea kufundishwa na mwalimu asiyejua jinsi ya kumfundisha mtu anayejifunza lugha. Huduma haiwezi kuchukua nafasi ya ufundishaji.

Parokia iko wapi katika haya

Mwaka 1987 wanasosholojia James Coleman na Thomas Hoffer walichapisha ulinganisho wa shule za sekondari za umma na za binafsi nchini Marekani. Waliona kwamba wanafunzi wa shule za Kikatoliki waliacha masomo kwa kiwango kidogo sana kuliko wengine, na maelezo yao yalikuwa mepesi: wazazi wanajuana. Wanakutana kanisani, na mtu mzima anayemwona mtoto wa mwenzake mahali pasipofaa atamwambia mama yake kabla jua halijazama. Wapo waliowapinga wakisema kwamba familia inayochagua shule ya Kikatoliki ni ya pekee tangu mwanzo, na hoja hiyo haijazimika kabisa. Lakini yeyote aliyekulia katika jumuiya ndogo ndogo anafahamu walichokuwa wanakisema.

Wakimbizi wengi hawawezi kulipa ada ya shule ya Kikatoliki. Watoto wao wako katika shule za serikali. Kwa hiyo parokia inayotaka kuwasaidia haina budi kuitazama shule ya serikali iliyo jirani kama mwenza. Mratibu wa shule ya jamii kwa kazi yake hutafuta wenza wa namna hiyo: ukumbi wa kufanyia kazi za shule jioni, walimu wastaafu wa kujitolea, mtu anayejua Kiswahili na Kiingereza wa kumsindikiza mama katika kikao. Mwenyekiti wa kwaya mara nyingi hujua kabla ya shule ni kijana gani ameanza kupotea. Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake kwa Siku ya Wakimbizi na Wahamiaji Duniani ya mwaka 2018, aliweka wajibu huu katika vitenzi vinne: kuwapokea, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwashirikisha. Parokia nyingi hufanya vizuri kitenzi cha kwanza, kwa mablanketi na sufuria za wiki ya kwanza. Cha tatu na cha nne hudai miaka.

Hitaji hilo limekuwa kubwa zaidi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha mpango wa kupokea wakimbizi, na Aprili mwaka huo Baraza la Maaskofu Katoliki la Marekani lilitangaza kwamba halitahuisha mikataba yake na serikali ya kuwahudumia wakimbizi. Mwezi huohuo wa Januari uliondolewa pia mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji kufanya misako shuleni na makanisani, na hofu haibagui kati ya mwenye hati na asiye nayo. Hata hivyo hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo ya mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, bado inasimama: shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto elimu kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Na kwa misingi ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, imekubalika kwa muda mrefu kwamba shule inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mzazi anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na anaweza kukataa mtoto wake asitumiwe kwa kazi hiyo.

Wazazi walio huko wanaweza kuanza kwa kuuliza shuleni kama yupo mratibu wa shule ya jamii au mtumishi wa familia, kwa kumweleza mtoto alisoma mtaala gani, kwa lugha gani na hadi darasa gani, na kwa kuomba hayo yaandikwe kwenye faili lake. Nao wenye ndugu ambao bado wako kambini wakingoja safari wanaweza kuwaambia jambo moja la leo: ripoti za shule, vyeti na kadi za chanjo, hata zile zilizochanika au kulowa mvua, zitiwe kwenye mfuko wa plastiki na kubebwa mkononi pamoja na hati za safari, zisiwekwe kwenye mizigo mikubwa. Karatasi moja ya Kifaransa inayoonyesha kwamba kijana alifaulu hisabati ya darasa la nane inaweza kumwepusha kuirudia.